Chai Isiyotiwa Sukari

Siku Oundo alipokosa kurudi kula chakula cha mchana, Kevina alidhani ni foleni ya malori. Malori yakifungana pale mpakani mwa Uganda na Kenya hapabaki upenyo hata wa kuku, sembuse wa baiskeli ya magurudumu matatu iliyobeba sukari. Akafunika sahani ya posho, ugali wa kwao, na maharagwe, akaiweka juu ya kabati, akaendelea kufua. Oundo hakuwa mtu wa kula hotelini. Hoteli zote za mtaa wa Sofia zina ngazi mlangoni, naye hakupenda kuletewa sahani barabarani kama mwombaji. Tangu waoane alirudi kula nyumbani, jua liwake au mvua inyeshe.

Mvua ilikuja ikapita. Posho ikapoa. Kisha Kevina akaona baiskeli ikiingia uchochoroni, lakini ilikuwa ya Okanya, mwenyekiti wa waendesha baiskeli wenye ulemavu, mtu ambaye hata akienda kanisani utani huuanzia langoni. Siku hiyo Okanya hakupiga kengele. Alikuja akizungusha mikono polepole, nguo zimemgandia mwilini, akasimama mbele ya beseni akiangalia povu.

"Mama Daphine," alisema, "acha kufua."

Walioona walisimulia hivi. Mzee Mukhwana, mwenye stoo kubwa ya sukari pale Sofia, alikuwa amejenga baraza mpya ya vigae, na tangu hapo hakutaka baiskeli za walemavu zisimame mlangoni. Alisema zinaleta matope na kuwaziba wateja wenye magari. Akaamuru zisubiri ukingoni mwa mtaro. Okanya alikwenda kumwona juu ya jambo hilo, akangojeshwa nje mpaka akachoka akaondoka. Sasa siku hiyo ya mvua Oundo alikuwa ameshapakia mzigo wake wa kuvusha Kenya, mlinzi akaambiwa amsogeze upesi maana kuna gari linataka nafasi. Gurudumu la nyuma likateleza. Baiskeli ikapinduka ndani ya mtaro, magunia yakaangukia upande mmoja, Oundo akaangukia uso. Miguu yake ilikuwa imefungwa kwenye kiti kwa mkanda, kama alivyojifunga kila siku ili asiteleze. Maji yale hayakumfika magotini mtu anayesimama.

Watu walikimbilia pale. Na hapo, walisema walioona, sauti ikatoka barazani. Wengine walisema ni ya mlinzi, wengine ya Mukhwana mwenyewe. Ilisema, "Toeni sukari kwanza." Wapagazi wakainua magunia moja baada ya jingine mpaka kwenye vigae, na ndipo mtu akatafuta kisu cha kukatia mkanda.

Ndani ya stoo hiyohiyo, kwenye kaunta, alikuwa kazini Daphine, binti wa kwanza wa Oundo na Kevina. Kazi hiyo baba yake ndiye aliyemwombea.

Walimzika kijijini kwao, Dabani. Wakati wanawake wanachemsha chai ya waombolezaji, pikapu ya Mukhwana iliingia uwanjani ikashusha gunia la mchele na gunia la sukari. Dereva alivua kofia.

"Mzee amesema poleni sana. Ni ya chai."

Kevina alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta. Tangu asubuhi hakuwa ameongea. "Ni ile?" aliuliza.

"Ile gani, mama?"

"Iliyotolewa kwanza."

Dereva aliangalia kofia yake. "Mimi nimetumwa tu, mama."

Kwa Wasamia, kabila la Oundo, mtu akifa mikononi mwa mwenzake, iwe kwa kusudi au kwa bahati mbaya, nyumba hizo mbili hazili pamoja wala hazipokei chakula cha kila mmoja. Hiyo si adhabu. Ni kwamba chakula hicho kinapita juu ya maiti. Hukaa hivyo mpaka mwenye mkono aje nyumbani kwa wafiwa, aseme kwa kinywa chake mwenyewe alichofanya, ndipo achinje kondoo na wote wale sahani moja. Mukhwana alikuwa Msamia kama wao. Hakuwa mgeni wa kuelezwa.

Mtu alipomletea Kevina kikombe, alisema, "Yangu msitie sukari." Hakusema zaidi. Senge Benedeta, shangazi wa Oundo, mwanamke wa maneno makali aliyezoea kutia vijiko vitano kikombeni, akasukuma bakuli la sukari pembeni. "Na yangu." Okanya naye akasema yake pia, kisha wale wengine wa baiskeli waliojipanga kando ya kaburi, kisha majirani wa Sofia. Chai ikanywewa chungu uwanja mzima, watu wakikunja nyuso, na magunia mawili yakarudishwa kwenye pikapu kabla dereva hajapewa hata maji.

Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyeandika bango. Lakini watu walipotoka mazikoni walirudi na ile chai midomoni. Waendesha baiskeli hawakwenda tena kupakia kwa Mukhwana. Mama wa hoteli za Sofia wakaanza kununua sukari kwa rejareja huku na kule, ghali zaidi, na mteja akilalamika wanamwambia, "Hii haina mtaro." Hata ng'ambo ilisikika. Chrispinus, kijana wa Busia ya Kenya aliyekuwa akipokea mzigo wa Oundo, alivuka kuja kutoa pole.

"Mathe, huyo buda alikuwa mtu wangu," alisema. "Mzigo haukuwahi kupungua hata kijiko. Sisi upande ule tumeshahama. Hatuchukui tena kwa yule mzee."

"Nani amewaambia?"

"Hakuna. Tumesikia tu. Jirani akilia, na wewe unazima muziki wako, si ndio hivyo?"

Kevina alimshukuru. Moyoni aliona ajabu. Yeye alikuwa ameomboleza, na maombolezo yake yalikuwa yamezunguka mji kama tangazo.

Lililomsumbua lilikuwa ndani ya nyumba yake. Daphine aliendelea kwenda kazini. Wadogo zake wawili walikuwa bado shuleni, baba hayupo, na Kevina alikuwa hana mradi zaidi ya vitunguu viwili vitatu mbele ya mlango. Kila jioni msichana alirudi na unga, au dagaa, au sabuni. Sabuni Kevina aliitumia. Unga hakuugusa. Alipika sufuria yake ndogo ya viazi kutoka Dabani, Daphine akapika nyingine kubwa, na watoto wadogo wakala kutoka zote mbili, wakiangaliana.

"Mama, mshahara si damu," Daphine alisema jioni moja. "Mimi nafanya kazi, nalipwa."

"Sijasema kitu."

"Husemi, lakini huli."

"Nakula."

"Unakula viazi. Jirani wananiita mtoto wa sukari. Leo mtu kanitemea mate mbele ya miguu. Mtu mzima, Mama. Nikiacha kazi, hawa watakula chai yako ile chungu mpaka muhula ufike?"

Kevina alimenya kiazi. Kulikuwa na swali alilotaka kumwuliza mwanawe tangu siku ya mvua, na kila alipofungua mdomo alikuta jingine. "Umeleta viberiti?" aliuliza.

Baiskeli ya Oundo ililetwa nyumbani na kuwekwa nyuma ya jiko. Hakuna aliyeiosha. Sukari iliyoyeyuka mtaroni ilikuwa imekaukia kwenye mnyororo na kwenye maungio ya kiti, na sisimizi waliijua njia yake kuliko watu. Walikuja kwa mstari kutoka uchochoroni, wakapanda gurudumu, wakashuka. Asubuhi Kevina alipotoka kuwasha moto aliwakuta wameshaanza kazi. Mara nyingine, akiwa amewapa mgongo, alisikia mnyororo ukilia kidogo, kama unavyolia mtu anapozungusha nusu mkono ili asogee karibu na meza. Akigeuka, ni sisimizi tu. Hakumwambia mtu. Aliogopa wataiosha.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya Shallon. Huyu alikuwa mama wa mandazi pale karibu na maegesho ya malori, na mandazi hayapikwi kwa machozi. Alinunua sukari kwa Mukhwana, akaifunga kwa kanga, akapita njia ya kawaida. Vijana wanaosukuma baiskeli za walemavu kwenye mlima wakamwona.

"Shallon, umebeba nini?"

"Mzigo wangu."

"Wa wapi?"

"Wa pesa yangu."

Wakamnyang'anya, wakamwaga sukari yote katikati ya barabara. Mmoja akasema huwezi kuupikia mtaa mzima chakula kilichopita juu ya maiti. Waliona wanalinda mila. Shallon alipiga magoti akajaribu kuizoa kwa mikono, lori likapiga honi, akaondoka na vumbi.

Siku iliyofuata Okanya na Kevina waliitwa polisi. Mukhwana alikuwa ameshitaki kwa njia ya wakili: kuchochea watu kususia biashara halali, na kuharibu mali. Ofisi ilikuwa na ngazi. Okanya alibaki chini dirishani akajibu maswali kwa kupaza sauti, na wapita njia wakasimama kusikiliza.

"Mama," afande alianza, "wewe ulikataza watu kununua kwa Mukhwana?"

"Hapana."

"Kwa nini hawanunui?"

"Waulize wao."

"Nimewauliza. Wanasema ni kwa sababu yako."

"Mimi nilikunywa chai, afande."

Afande aliandika, akasita. "Chai gani?"

"Isiyotiwa sukari."

"Na ukasema watu wote wanywe hivyo?"

"Nilisema yangu."

"Andika vizuri," Okanya alisema kutoka nje. "Andika kwamba washitakiwa walikunywa chai. Mkitaka kuwafunga wote walioinywa, afande, mtajenga jela mpya."

Watu nje walicheka. Afande hakucheka. Alifunga faili, akasema kuna sheria ya kususia, ya zamani lakini ipo, na kwamba sukari iliyomwagwa barabarani haihitaji sheria ya zamani. Waliachiwa kwa dhamana ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, wakapewa tarehe ya mahakama.

Kutoka hapo Kevina hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Shallon akiwa amembeba jogoo wake mmoja, amemfunga miguu. Shallon alikuwa ameketi karibu na karai lisilo na moto.

"Nimekuja kuomba msamaha," Kevina alisema.

"Wewe ulimwaga?"

"Kwa jina langu."

"Jina lako limekuwa kubwa siku hizi. Mimi jina langu ni mandazi." Shallon alimwangalia jogoo bila kumpokea. "Unajua kwa nini nilienda kwa Mukhwana? Kwa sababu wengine wote wanataka pesa mkononi. Yeye ananipa, nauza, namlipa. Wewe una msiba, mimi naheshimu msiba. Nilikuja Dabani, nililia, nilikunywa chai yako hiyo. Lakini msiba wako ulitaka niache kula, na hakuna mtu alikuja kuniuliza."

"Ni kweli."

"Huyo jogoo anataga?"

"Ni jogoo, Shallon."

"Basi mweke hapo."

Jumapili, baada ya misa, Kevina na Okanya walisimama nje ya kanisa. Okanya, aliyejua kuongea, alinyamaza akamwachia mwanamke. Kevina alisema asiyetaka kununua asinunue, anayetaka anunue, na atakayegusa mzigo wa mtu asije kusema alifanya kwa ajili ya Oundo. Alisema hivyo mara moja tu, kwa sauti ndogo, na waliokuwa nyuma ikabidi waambiwe na waliokuwa mbele.

Wakili wao aliitwa Damalie. Ofisi yake ya kuwasaidia watu wasio na uwezo ilikuwa Tororo, chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na kutoka dirishani jabali la Tororo lilionekana karibu mno, kama mtu anayesoma juu ya bega lako. Kevina alipanda huko peke yake. Okanya alikuwa amesema ngazi nyingine hataki kuziona.

"Kwani serikali inaweza kuniambia ninunue wapi?" Kevina aliuliza.

"Haiwezi," Damalie alisema. "Pesa ikiwa mfukoni mwako ni yako. Ukimwambia jirani kwa nini hununui, mdomo ni wako pia. Mkikaa watu mia mkasema hapa tumedharauliwa, hatutaweka pesa yetu hapa mpaka tuheshimiwe, hiyo ni haki yenu, na watu wengi duniani wamepata heshima kwa njia hiyo baada ya kuikosa kwa kuomba. Lakini ukimzuia mwenzako, ukamtisha, ukamwaga mzigo wake, umetoka kwenye haki yako umeingia kwenye yake."

"Afande anasema kuna sheria ya zamani."

"Imebaki vitabuni. Nijuavyo mimi, inataka waziri atangaze kwanza. Sidhani kuna waziri amesikia habari ya chai yako. Watakachotushika nacho ni ile sukari ya barabarani. Watasema wewe ndiye kichwa, wale vijana ni mikono."

Damalie alishusha sauti.

"Kuna njia ya mkato, Mama, na kazi yangu ni kukwambia. Tunaweza kusema wewe ulifuata mila ya mfiwa tu. Hukujua wengine wanafanya nini, hukutaka wafanye. Nadhani watakutoa kwenye kesi."

"Na Okanya?"

"Okanya aliongea na watu. Aliwaambia wenzake wasipakie. Atabaki."

"Na nani?"

"Peke yake."

Kevina aliangalia lile jabali. "Okanya ndiye alikuja kuniambia," alisema. "Mvua ilikuwa bado inamtoka kwa nguo. Angeweza kumtuma mtu mwenye miguu."

Damalie hakurudia tena habari ya njia ya mkato. Alisema kuna jambo jingine, limekuja kwa simu asubuhi hiyo. Mukhwana anataka kufanya mila. Anataka kuleta kondoo, wale pamoja, na baada ya hapo ataondoa mashitaka kwa wote wawili. Kevina alishika ukingo wa meza. Damalie alimwuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amefikiria sufuria moja, na Daphine amekaa upande wa pili.

Mukhwana alikuja nyumbani kwa Kevina, hapo hapo Sofia, kondoo amefungwa nyuma ya pikapu. Alikuwa amepungua. Koti lilimning'inia mabegani kama limeazimwa. Pamoja naye alikuwa wakili wake, Phillip, kijana mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Okanya aliingiza baiskeli yake mpaka katikati ya chumba, maana nyumba ya Oundo haikuwa na ngazi. Senge Benedeta alikuwa ametoka Dabani alfajiri, na ndiye aliyeshika shughuli. Daphine alisimama karibu na mlango wa jikoni na jagi na beseni la kunawia mikono. Bado alikuwa mfanyakazi wa Mukhwana. Siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa na Mukhwana mwenyewe.

"Tumekaa," Senge alisema. "Mukhwana, mwana wa watu, sema."

Wakili Phillip alikohoa. "Mzee atasema kwamba amesikitika sana kwa kilichotokea."

"Kusikitika hata mbwa anasikitika. Wewe kijana huna deni hapa, kaa unywe maji. Yeye aseme alichofanya."

"Mama yangu, kuna mambo yakisemwa hapa yanaweza kupelekwa kule mahakamani. Kifo ni kifo. Familia inaweza kudai fidia. Mzee hawezi kukiri mbele ya watu."

"Basi kondoo wa nini?"

Nje kondoo alilia. Mukhwana alikuwa akiangalia mikono yake. Alipoongea, hakumwangalia Senge wala wakili, alimwangalia Kevina.

"Mimi nimefunika ule mtaro," alisema. "Nimeweka zege juu. Lakini mvua ikinyesha natoka nje kuangalia. Mke wangu ananiuliza unaangalia nini, maji hayaonekani. Nayasikia." Akakunja vidole. "Siku ile niliitwa. Nikatoka barazani, nikaona baiskeli iko chini. Watu wanapiga kelele. Mimi nika..."

Kevina alikuwa ameinama mbele. Maisha yake yote hakuwahi kumtakia mtu maneno kama alivyomtakia huyu. Yaseme, alimwomba moyoni. Sema tule.

Wakili aliweka vidole viwili kwenye kiwiko cha mzee. Hakusukuma. Aliviweka tu.

"Nikasema asaidiwe," Mukhwana alimaliza.

Okanya alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akageuza uso ukutani. Senge alianza kuinuka. Na pale mlangoni maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye jagi, kidogo kidogo, juu ya miguu ya Daphine.

"Mzee," alisema, "mimi nilikuwa kwa kaunta."

"Daphine," wakili alisema kwa upole, "wewe bado ni mfanyakazi."

"Ndiyo. Ndiyo maana nilikuwa pale." Hakuinua sauti. "Mzee, ulisema toeni sukari kwanza. Halafu ukaniita kwa jina. Ukasema, Daphine, fungua mlango wa nyuma, magunia yaingie yasiendelee kulowa. Nikafungua. Nikasimama pale nikaambia wapagazi wapange wapi. Niliambiwa baiskeli imeanguka, sikuambiwa ya nani. Na mimi sikuuliza. Nilifikiri kama ni mtu, watu wako naye." Alivuta pumzi. "Nilipotoka walikuwa wamemlaza kwa vigae. Niliona mkanda kwanza, umekatwa. Ule mkanda nilimshonea mimi."

Mukhwana alifungua mdomo. Wote mle ndani, hata wakili wake, waliona neno likija. Lingekuwa neno dogo, ndiyo, au ni kweli. Phillip akasimama.

"Tunaondoka, Mzee. Tafadhali."

Mukhwana akasimama naye. Mlangoni aligeuka akamtazama Kevina kwa muda, kama mtu aliyesahau kitu ndani ya nyumba na anaona aibu kukirudia, kisha akatoka. Senge Benedeta aliwafuata mpaka kwenye pikapu kuhakikisha kondoo hakushushwa. Vumbi lilipotulia alirudi akamkuta Kevina pale pale alipokaa, na Daphine pale pale aliposimama, mama na binti hawaangaliani.

Kevina alikuwa amepata jibu la swali ambalo hakuliuliza. Mkono uliofungua mlango wa stoo ulikuwa huu, wenye kovu la pasi karibu na kidole gumba, aliouogesha mwenyewe.

"Mama," Daphine alisema, "kama huwezi kunitazama, nitaenda kwa Senge."

"Huendi popote," Senge alisema. "Hapa kulitakiwa mtu mmoja aseme kwa kinywa chake alichofanya, mbele ya wafiwa. Mtu huyo amesema. Kevina, mila yetu inataka nini sasa?"

Okanya alitoa leso akapangusa vishikio vya baiskeli yake, ambavyo havikuwa na uchafu.

"Hakuna nyama," Kevina alisema mwishowe.

"Posho ipo?"

"Ipo. Ya kwake."

"Basi."

Kevina aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na posho ya unga wa mshahara wa Daphine na mboga ya jana, akaweka katikati. Akachukua jagi kutoka mikononi mwa mwanawe, akamnawisha. Kisha akamega tonge, akala. Okanya alisema posho yenyewe haina chumvi. Akaendelea kula.

Barua ya kumwachisha Daphine kazi ililetwa na yule dereva wa pikapu, ambaye safari hii pia alivua kofia. Mashitaka hayakuondolewa. Stoo ya Mukhwana inafunguliwa kila siku, na Shallon bado ananunua huko, wala hakuna anayemgusa. Waendesha baiskeli hawajarudi. Vijana wawili waliomwaga sukari wamekiri na wamehukumiwa kufagia soko.

Kilichobaki ni kesi ya Okanya na Kevina. Hakimu ataamua kama mtu anaweza kufungwa kwa kutonunua na kusema kwa nini, na kabla hajaamua anataka kusikia walikataa kununua kwa sababu gani. Siku hizi Daphine anauza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya malori, upande wa Kenya. Damalie amemwomba asihame mji. Kesi itakaposikilizwa tena, shahidi wa kwanza ni yeye aliyekuwa kwa kaunta.